Homa ya Gaju

Jumanne, 5 Agosti 2014. Kibabi

Mateke mawili leo! Nilikuwa zizini kwa Baba Mbonigaba, baba mkwe wangu mtarajiwa. Ng'ombe wake wanajua nakuja kuolewa huko, wameanza kunizoea vibaya. Mimi ndiye veterineri wao, daktari wa mifugo, basi nimetoa damu ya wote ya kupima, Gaju wa mwisho. Gaju ni mifupa mitupu, pembe moja inatazama Goma, nyingine Walikale. Lakini mwaka jana homa ya kupe iliwaua wenzake. Yeye aliwaka siku chache, akaamka, akadai majani. Bila sindano!

Daktari Raphaël wa labo ya Goma, wanakopima damu, amenieleza tena kwa simu. Ng'ombe wote wana jeni karibu zilezile. Tofauti ni zipi zinaamka homa ikiingia, na zinaamka kwa nguvu gani. Kama kwaya ya parokia: wote wana midomo, lakini siku ya msiba nani anaimba? Damu ndiyo inatuonyesha. Sasa damu ya Gaju mzima haina jambo, inafanana na ya wengine. Daktari anaitaka ya Gaju akiwa na homa, halafu akiwa amepona mwenyewe, bila dawa. Tukizijua hizo jeni, tutachagua wa kuzalisha ndama wasiokufa. Barabara ikifungwa na vita dawa hazifiki huku, na kupe hawajui amani wala vita.

Kwa hiyo mimi ndiye mtu pekee Kibabi anayeomba ng'ombe augue. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya mahari yangu. Bibi arusi haonekani, kwa hiyo nilifungiwa chumbani, sikio ukutani. Nikasikia Evode, mchumba wangu, amemshawishi baba yake anitolee Gaju! Kwa sababu namsifu Gaju kila siku. Nilitaka kulia kwa furaha.

Lakini msemaji wetu ni Baba Mdogo Gisubizo, na msemaji lazima amkatae ng'ombe wa kwanza, wasije kudhani binti yetu tumemwokota. Na wa kwanza ndiye Gaju.

"Hii iko ng'ombe ao mbuzi murefu?" akauliza. "Mutoto yetu amesoma, munamuletea mifupa?"

Wageni wakaangua kicheko. Mimi nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu zote, mpaka mama akaniletea maji. Hakuna aliyeelewa! Wakakubaliana ng'ombe wengine, wanono, wazuri. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa ikaisha. Watu wote wamefurahi isipokuwa mimi na Evode.

Jumatatu, 11 Agosti

Baba Mbonigaba ameona haya kumrudisha zizini ng'ombe aliyechekwa. Amemuuza kwa Mama Kanyere, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Mubi. Ng'ombe wake wanakwenda kwa miguu hadi Mubi, kisha wanaingia msituni, kuwa nyama ya wachimbaji wa madini wa Bisie. Wameondoka alfajiri. Saa tatu risasi zikaanza upande wa Masisi, barabara ikafungwa. Nimelia kidogo. Halafu nimekula viazi.

Jumatano, 20 Agosti. Njiani

Barabara imefunguka! Tumeondoka na pikipiki ya Evode, ile anayobebea fromaji, yaani jibini, za watu. Shangazi alishika kichwa: msichana hajaolewa, anasafiri na mchumba? Nikamwambia nafuata mahari yangu.

Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, mwenye bunduki aliuliza mkoba una nini. Dawa za ng'ombe, nikasema. Uso ukalegea palepale—ana mbuzi, mbuzi anaharisha! Nimemtibu mbuzi, tumepita, tena tumepungiwa mkono. Leo tunalala kwa masista, mimi huku, Evode kule mbali kabisa. Shangazi angefurahi.

Alhamisi, 21 Agosti. Mubi

Yuko hai! Amefungwa nyuma ya duka la Mama Kanyere. Wenzake wameshakwenda Bisie, yeye walimwacha kwa sababu amechoka. Nimegusa masikio: yanaunguza. Uvimbe chini ya sikio. Homa ya kupe! Nimeruka kwa furaha.

"Dada, ng'ombe iko mugonjwa, na weye unaruka?" Mama Kanyere kashangaa. "Mi nachinja leo, isikufe bure."

Evode akamsogelea. Alitoa ufunguo mfukoni. "Mama, twaa pikipiki. Utuachie ng'ombe."

Mama Kanyere alicheka mpaka akaita majirani waje kuona wazimu wa Masisi. Lakini ufunguo ameuchukua.

Nimetoa damu. Chupa zina dawa ya kuhifadhi damu, itafika Goma salama. Na hapo furaha ikaniishia. Gaju amelala chini, hataki majani, anapumua kwa shida. Sindano ya homa ninayo mkobani. Nikimchoma, pengine anapona, lakini hatutajua kamwe kama angepona mwenyewe. Nisipomchoma akafa, Evode hana pikipiki, hana kazi, na ni mimi niliyemfikisha hapo. Nimemuuliza tufanye nini.

"Weye njo veterineri. Mi niko mutu ya fromaji," akajibu. Kisha: "Isikufe tu. Nitakuletea mahari gani tena?"

Nampenda mtu huyu. Acha niandike hivyo hivyo. Nimeamua kungoja asubuhi. Akiwa bado chini, nachoma.

Ijumaa, 22 Agosti

Kumekucha. Sijatoka. Naogopa, ndiyo maana naandika. Sindano nimeshaijaza, iko mezani karibu na chai.

Evode ananiita kutoka nje. "Claudette! Kuya huku ushike masikio yake!" Hasemi kama ni ya moto au ya baridi. Sauti yake siielewi.

Sasa ni Mama Kanyere anapiga kelele, tena kelele za kweli. "Lengalenga yangu! Jamani, inamaliza mboga ya bustani yangu yote!"

Sindano mkono huu, chupa mkono huu. Natoka