Nimeweka Linux, Mwanangu Hanisikii Tena

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni mwoka mikate, nimefiwa na mke, na mwanangu wa pekee anafanya kazi mbali, alifika mazishi ya mama yake yameshaisha na mimi kwa uchungu sikumpa mkono, akaenda kaburini peke yake, akaondoka, na tangu hapo hakuna anayempigia mwenzake simu, lakini kila Jumamosi tulikuwa tunakutana kwenye gemu ya vita ambayo yeye mwenyewe aliniwekea zamani, kila mtu na hedfoni zake, marehemu hatumtaji, ni "nikinge" na "pita kulia" tu, ila nikivamiwa yeye hupiga kelele, "Baba, nyuma yako!" na neno hilo linanitosha wiki nzima.

Sasa Windows yangu ilizeeka, haipewi tena masasisho ya usalama, na toleo jipya kompyuta haiwezi kulibeba, fundi akashauri tufute kila kitu tuweke Linux, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta, nikamuuliza kama gemu zitacheza, akajibu, "Karibu zote, mzee," nami nikaona haya kumtajia yetu maana mtu wa umri wangu atasemaje anacheza vita, basi akaweka, na kweli kompyuta imekuwa nyepesi, gemu za mpira na magari zinafunguka, isipokuwa hiyo moja, ulinzi wake wa kuzuia wachezaji wadanganyifu haukubali Linux. Jumamosi zinapita. Je, nirudishe Windows ile isiyo salama, au nitafute kompyuta nyingine ambayo uwezo wake sina?

Mwoka mikate

Pole sana, mzee wangu. Sikucheki kwa kucheza gemu. Ndiyo iliyowashikilia ninyi wawili.

Lakini ngoja nikuseme kidogo. Ulimuuliza fundi habari za gemu zote ukaficha ile moja uliyoihitaji, na sasa unaniuliza mimi habari za kompyuta ukificha kwamba unamwogopa mwanao. Umewaza yeye Jumamosi hizi anafanya nini? Anavaa hedfoni, anangoja. Hajui lolote kuhusu Linux. Anachojua ni kwamba baba yake amemnyamazia tena.

Usinunue kompyuta. Linux iache, inakufaa kwa mambo yako mengine. Mwambie fundi, bila aibu, akufungie diski ya pembeni yenye Windows ile ya zamani kwa gemu hiyo tu, na huko usifungue benki wala barua pepe. Ila hilo lisubiri. Leo ukishatoa mikate jikoni, nawa mikono umpigie simu. Mwambie gemu imekataa kufunguka, wala si wewe uliyemkataa. Akikuuliza kuhusu siku ya mazishi, mjibu, usikimbilie tena habari za kompyuta. Asipopokea, piga kesho, na keshokutwa. Mtoto aliyemlilia mama yake kaburini peke yake ana haki ya kubembelezwa na baba yake.