Nilimcheka Siku Filamu Yetu Ilipotoka

Bi Harriet mpendwa, naomba unisaidie kabla Juni haijafika, maana Juni naolewa na moyo wangu haumo kwenye harusi hiyo. Nina miaka thelathini na mmoja, nilikuwa nafanya kazi studio ya katuni hapa Burbank, chumba cha wino, wanawake peke yetu, tukipokea michoro ya penseli kutoka jengo la wanaume na kuinakili kwa wino juu ya karatasi za plastiki zinazoonyesha upande wa pili, mmoja mmoja, mkono ukitetemeka umeharibu, na kwa miaka minne nilipewa michoro ya mtu mmoja, Orrin Haverkamp, mgane, aliyemchora bata bukini katika ile filamu ya binti wa mnara wa taa. Pembeni mwa karatasi alikuwa akiandika, “Shingo hii nimeikosea, dada, niokoe,” nami namjibu, “Nimekuokoa, bawa je?” mpaka wenzangu wakawa wananitania, “Velma, leo bukini wako kasemaje?”

Filamu ikatoka mwaka jana mwezi wa tatu, foleni ikafika kona ya barabara, sisi tukapewa viti vya nyuma, na bukini alipoinuka juu ya bahari mtoto mbele yangu akanyoosha mkono kama anataka kumshika, nikalia. Kwenye skrini yakapita majina ya wanaume, letu hata moja halikuwemo. Nje Orrin akanifuata, kofia mkononi.

“Jina lako wamelisahau.”

“Hawajalisahau, hawajawahi kulijua.”

“Mimi nalijua,” akasema. “Velma, nahamia Oregon, kwenye shamba la dada yangu. Twende wote.”

Bi Harriet, niliogopa, nikacheka! Nikamwambia, “Nije kufanya nini huko, kulisha kuku?” Akatabasamu, akavaa kofia yake, akaenda.

Baadaye ikaletwa mashine ya kunakili michoro, tukaachishwa kazi karibu sote, na nikampata Wendell, muuza majokofu, mtu mwema, hana kosa. Mwezi uliopita filamu ilirudi mtaani kwetu, akanipeleka bila kujua lolote, na bukini aliporuka akaninong’oneza, “Mbona unalia, mpenzi? Si katuni tu?” Nikasema mafua. Tangu hapo nimekwenda kuitazama peke yangu mara saba. Nimwandikie Orrin, au nifunge mdomo nivae gauni?

Velma, Burbank

*

Velma mwanangu,

Pole. Kupenda mtu kupitia pembe za karatasi miaka minne si mchezo, na kuona kazi ya mikono yako ikiwaliza watu huku hakuna anayekujua ni kidonda pia. Kwa hilo nakuhurumia. Kwa mengine nakugombeza.

Mtu mzima alikuvulia kofia akakuambia neno zito, ukamrudishia kuku. Woga nauelewa. Nisichoelewa ni huo woga kupewa mwaka mzima, na sasa unataka kuutafutia mume! Wendell amekukosea nini? Umemdanganya kwa mafua, ukamdanganya mara saba nyingine kwa kunyamaza, na harusi bado. Mwanamume mwema si godoro la kuangukia.

Kwa hiyo anza na yeye. Jumamosi hii, mchana, mrudishie pete yake ya uchumba mkononi, si kwa posta, umwambie ukweli wote. Atakasirika. Mwache akasirike, usimtulize kwa ahadi.

Baada ya hapo ndipo umwandikie Orrin. Usipange kwamba Orrin akikataa Wendell yupo. Ningejua umepanga hivyo nisingekujibu. Andika ukurasa mmoja: kwamba uliogopa, kwamba ulitamani kusema ndiyo, kwamba humdai jibu. Huenda ameoa. Huenda alikwisha kukusahau. Barua hiyo si tiketi ya kwenda Oregon, ni deni la heshima kwa mtu uliyemuumiza.

Na wewe, rudi kushika kalamu. Wachora ramani wanahitaji mikono kama yako, na wachapishaji wa vitabu vya watoto pia. Nenda Jumatatu, na kabla hujakubali kazi yoyote waulize jina lako litaandikwa wapi.

Harriet