Vifungo vya Bwana Ukungu

Nagoya, 11 Februari

Mama Mkubwa, shikamoo.

Mimi mzima, nina mafua tu ya baridi, nayo yanaondoka. Goti lako je? Umepata mtu wa kushusha theluji paani, au umepanda mwenyewe tena? Usipande.

Nisamehe naandika kwa herufi za watoto. Zile ngumu nazikosea, na wewe utanicheka.

Kazi ni ileile. Boksi la chakula linapita mbele yangu, naweka tunda moja la chumvi katikati ya wali, linakuja jingine. Wote tumevaa kofia na barakoa, yanaonekana macho tu. Anayesimama karibu yangu anaweka samaki. Tangu nianze pale sijauona mdomo wake, naye hajauona wangu.

Sasa nina jambo. Usicheke. Kuna gemu naicheza, inaitwa Ngome ya Ukungu. Mwezi wa nane hapa mjini, mtaa wa Osu, watu wanakuja wamevaa kama wale wa kwenye magemu, wanapigana picha. Mwaka jana nilienda na kinyago cha boksi ndani ya mfuko. Nikafika mpaka mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, nikarudi nyumbani. Mwaka huu kuna kijana mtandaoni anajiita Negi, kitunguu cha majani yaani. Yeye na wenzake ni mashujaa wanne wa gemu hiyo, mmoja wa upinde, mmoja wa kuponya watu, na ameandika kwamba wanatafuta adui. Nikamjibu, "Mimi." Neno hilo tu. Halafu nikaizima simu.

Naomba kitambaa cheupe. Hata shuka la zamani. Bwana Ukungu, ndiye huyo adui, anavaa kimono nyeupe chini ya dirii yake ya chuma.

Mwanao,
Shunpei


Kaminoyama, 20 Februari

Shunpei mwanangu, marahaba.

Goti linauma kama kawaida, paani nilipanda, na sikuanguka, kwa hiyo nyamaza.

Nimecheka mpaka yule mama wa duka la tofu akaniuliza nina nini. Nikamwambia mtoto wangu kapata cheo huko Nagoya, kawa shetani.

Lakini hebu niambie. Mashujaa wako wanne, wewe ukaenda kuchagua mwovu? Kwa nini si yule wa upinde, au wa kuponya watu? Una sura nzuri, ya marehemu mama yako kabisa, halafu unaenda kuifunika. Mtoto huna maringo hata ya bure!

Kitambaa ndicho hicho. Ni pamba, nimekifua kabisa kisije kikarudi kikakubana ukishakishona. Na humo ndani kuna yale matunda makavu ya mti wa uani, unayoyapenda yakishatoa unga mweupe juu. Usiyamalize siku moja.

Na uwe unakula chakula cha moto. Siyo kila siku wali wa kiwandani.

Mama yako Mkubwa,
Fumie


Nagoya, 17 Aprili

Mama Mkubwa, shikamoo. Natumaini theluji imeisha na miti yako ya cheri imeamka. Huku maua yameshadondoka, yamejaa kwenye mtaro.

Umeuliza kwa nini mwovu. Nimefikiri siku nyingi. Bwana Ukungu anakaa chumba cha mwisho kabisa cha ngome. Gemu nzima mashujaa wanatembea, wanakula, wanataniana njiani, yeye yuko kule amekaa kwenye kiti. Hana wa kuongea naye mpaka waje kumuua. Wakifungua mlango anawaambia, "Mmechelewa." Hapo mimi huwa sibonyezi kitu. Namwacha amalize kusema.

Pembe nimetengeneza kwa ile mikeka ya sponji ya watoto, ya lile duka la kila kitu yeni mia. Unaikata, unaipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, ikilainika unaikunja kwenye goti, unasubiri ipoe. Goti langu sasa limeiva, tumekuwa wawili. Juu napaka gundi ya mbao, ikikauka naongeza, halafu rangi nyeusi, halafu fedha kidogo kwenye kingo kwa kidole, inakuwa kama chuma kilichochakaa. Upanga ni bomba la maji ya mvua. Magamba ya kifuani ni vile vichupa vya mchuzi wa soya vya umbo la samaki, vya kiwandani, vilivyotoka vimepinda. Nilimwomba msimamizi. Akauliza, "Vya nini?" Nikasema, "Vya kuvaa." Akaniangalia, akasema, "Chukua. Chukua vyote," akaenda zake haraka.

Negi anaandika kila siku kwenye kundi. Jana kasema, "Wewe Bwana Ukungu, uko hai au tumeshakuua?" Wenzake wakacheka. Nilitunga jibu zuri, la kuchekesha. Nikalifuta.

Mwanao,
Shunpei


Nagoya, 3 Juni

Mama Mkubwa, shikamoo. Najua ni msimu wa kuchuma cheri shambani kwako na huna nafasi hata ya kukaa, kwa hiyo naandika kidogo.

Nimemaliza. Picha ndiyo hiyo, nimeichapisha kwenye mashine ya duka la jirani wakati hakuna mtu. Nimevua kinyago ili unione. Kimono nimeikunja vizuri, nilichukua muda mrefu kwenye ukosi.

Mabaki yote nimeyatupa, chumba ni kisafi, sakafu inaonekana. Sasa sijui jioni nitakuwa nafanya nini. Matunda yako ya mwisho nimeyala jana.

Asante kwa yote, Mama Mkubwa.

Mwanao,
Shunpei


Nagoya, 7 Juni

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimeona umenipigia simu, tena na tena. Nilikuwa kazini, simu iko kwenye kabati. Nikataka kukupigia, nikaishika, basi. Unajua sauti inavyonikwama. Tangu shule, ndiyo maana nikaiacha.

Uko salama? Picha imekuchukiza? Ukiniandikia nitajibu siku hiyohiyo.

Mwanao,
Shunpei


Kaminoyama, 13 Juni

Shunpei mwanangu.

Nimefika nyumbani salama kutoka kwako. Barua yako ya pili nimeikuta kwenye sanduku langu, kumbe tulipishana njiani, yenyewe inakuja huku na mimi nakuja huko.

Naona aibu kwa kelele nilizokupigia pale ngazini. Yule mzee jirani yako alitoka na ufagio, akakuta mama mzima kavaa buti za shamba, anampiga kijana kwa mwavuli na huku kamkumbatia. Akarudi ndani taratibu. Mwombe radhi. Hutamwomba, najua.

Ukafungua mlango na bakuli la tambi mkononi, unatafuna! Nilitamani nikumwagie hizo tambi kichwani.

Sikiliza sasa, maana pale nilikuwa naongea na kulia na hukusikia kitu. Mtu aliye hai anakunja kimono upande wa kushoto unakuja juu. Upande wa kulia kuja juu ni kwa maiti. Tunawavalisha hivyo siku ya kuwaaga, basi. Nilidhani hakuna mtu katika nchi hii asiyelijua hilo. Mimi nikafungua bahasha yako, nakuona umesimama umekunjwa kama maiti. Nikasoma: nimemaliza, chumba ni kisafi, matunda ya mwisho, asante kwa yote. Nikajidanganya labda picha imegeuka. Nikatafuta lile kovu la kidevuni, la siku ulipoanguka kwenye barafu. Liko upande wake uleule, picha haikugeuka. Nikakupigia. Hupokei. Nikatoka kama nilivyokuwa, nikashika treni ya kuja kwako.

Cheri niliziacha mtini, mvua ikanyesha, zimepasuka nusu shamba. Acha zipasuke.

Nilikuuliza, "Nani kakufundisha kukunja hivi?" Ukaangalia sakafu. Asubuhi nikakuuliza tena stesheni, ukaangalia treni. Sasa nakuuliza kwa karatasi, maana kwenye karatasi una mdomo.

Mama yako Mkubwa,
Fumie


Nagoya, 24 Juni

Mama Mkubwa, shikamoo. Natumaini uvimbe wa goti umeshuka.

Ni wewe.

Siku tulipomuaga mama mlinikalisha pembeni, mkasahau kama nipo. Wewe ndiye uliyemvalisha. Ulikuwa unalia, na mikono yako inaendelea na kazi. Ulichukua ule upande ukauleta juu, ukaulaza kwa kiganja. Haukunyooka. Ukaufungua ukaurudia. Halafu ukaweka kidole chini ya shingo yake kuona kama haujambana. Hicho ndicho nilichokiona zaidi, kile kidole. Yeye alikuwa amekufa na wewe unaangalia kama haumbani.

Sijamwona mtu mwingine akivalishwa. Sherehe ya wenzangu ya kutimiza miaka ishirini, ambako watu huvaa kimono, sikwenda. Kwa hiyo nilipofika kwenye kimono ya Bwana Ukungu hata gemu sikuitazama, nilikumbuka mikono yako tu. Nilidhani ndivyo anavyovalishwa mtu akipendwa. Sikujua kama kuna upande wa wafu.

Nilitaka kukuambia stesheni. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Milango ya treni ikajifunga.

Nimeigeuza sasa, kushoto juu. Mkono unakataa, unarudi ulikozoea.

Kuhusu ile siku ya Osu, sijui kama nitakwenda. Negi ameuliza nitafika saa ngapi. Bado sijamjibu.

Mwanao,
Shunpei


Kaminoyama, 8 Julai

Shunpei mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Sikujua ulikuwa unaangalia. Ningejua ningekuita uje ushike upande mmoja.

Nisikilize. Ile jioni kwako, nilipotulia, nilikwambia uvae nione. Ukavaa. Kazi nzuri, nasema kweli, vile vichupa vya samaki hata mimi nilidhani chuma. Lakini niliona kitu. Vifungo vyote viko kifuani na ubavuni. Hata vya mabegani umeviwekea kamba ndefu, unavivuta mwenyewe kwa mbele. Dirii nzima ile, hakuna mahali hata pamoja pasipofikiwa na mikono yako. Nilirudi kwenye treni nalilia hizo kamba kuliko huo ukosi.

Nakuomba kitu kimoja. Ng'oa kifungo kimoja cha dirii, kile kikubwa, ukakishone mgongoni, katikati, pale ukiwashwa hupafikii. Halafu nenda Osu.

Mimi siji. Nikija, nitakufunga mimi.

Mwambie huyo Kitunguu saa utakayofika. Ni neno moja tu, umeshawahi kumwandikia neno moja.

Mama yako Mkubwa,
Fumie


Nagoya, 4 Agosti

Mama Mkubwa, shikamoo. Huku joto limezidi, natumaini mlimani mna upepo.

Nilikihamisha. Nilikwenda.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na watu wengi, wanachekeana, wanapakana rangi. Nikavaa kimono, kushoto juu. Nikavaa kinyago na pembe. Nikavaa dirii, ikabaki wazi mgongoni, nikawa nimeishikilia kwa mikono miwili kama mtu anayeshika taulo. Nikasimama hivyo. Watu wanapita tu. Nikaanza kuangalia mlango, ule nilioukimbia mwaka jana.

Akaja kijana mrefu, ana wigi la kijani na upinde wa mabomba. Nikajua ni Negi. Basi nikageuka, nikampa mgongo.

Akasema, "He! Bwana Ukungu? Umechelewa wewe!"

Nikamwambia, "Hayo ni maneno yangu mimi."

Sijui yalitoka wapi. Akacheka mpaka wigi likahama. Akaita wenzake, "Njooni, shetani wetu anaongea!" Huku ananifunga. Alikaza kama anafunga gunia.

Tukapiga picha. Wakaniua kwa namna nyingi. Mtoto mmoja aliniona akalia, mama yake akaniomba msamaha, na mimi nikamwomba.

Zilipokwisha picha nikataka kuondoka kimyakimya kama kawaida yangu. Nikarudi chumbani, nikaanza kuvua. Mkono haufiki. Nikajaribu kwa juu, kwa chini, nikajisugua ukutani. Mama Mkubwa, hukuniambia kwamba kuvua nako kunataka mtu. Ulijua?

Ikabidi nitoke tena na pembe zangu kumtafuta. Walikuwa wanne wamekaa kwenye ngazi, wanakula tambi za kukaanga. Nikasimama mbele ya Negi. Nikasema, "Nifungue." Akasema, "Shika hii kwanza," akanipa sahani yake, akazunguka nyuma. Alikuwa amekaza mno, akawa anahangaika na kujitukana mwenyewe. Tambi zinapoa mkononi mwangu. Akasema huko nyuma, "Kula basi, unaziangalia za nini?"

Nikavua kinyago, nikala.

Yule msichana mponyaji akanitazama, akasema, "Kumbe una mdomo!" Nikamwambia ninao.

Halafu kila mtu akashika treni yake. Yangu haikuwa na mtu kutoka pale, nikakaa na mfuko wa pembe mapajani. Nyumbani nimeitundika dirii ukutani. Jana jioni nilijaribu kuifunga peke yangu, nione tu. Haifungiki. Nimeiacha hivyohivyo, iko wazi.

Mwanao,
Shunpei