Mmoja Alizimia, Mwenzake Akambeba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaitikia, tazama kwanza kama baba yuko karibu. Kama yupo, mwambie mwandiko ni mbaya na unatafuta miwani, uende na barua jikoni. Najua kila ninachoandika humsomea kwa sauti tangu macho yake yaingie ukungu, na hii pia nataka aisikie, lakini wewe uitangulie. Ningepiga simu, ila simu yako, Mama, unaiweka sauti ya nje mpaka majirani wa nyumba ya tatu wanaitikia salamu. Ndiyo maana nimeandika, na binamu anayekuja huko kesho atakukabidhi mkononi.

Mguu wako unaendeleaje? Na yule fundi aliyeahidi kuziba paa, amekuja au bado yuko njiani? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika mzima wa mwili, sikuandika mzima tu, kwa sababu sitaki kuanza barua kwa kukudanganya. Naogopa, Mama. Sasa hivi ni mchana, jua linawaka, na mlango wa chumba changu nimeuwekea ndoo ya maji usije ukajifunga. Kuku wa jirani anaingia na kutoka apendavyo, nami namwacha. Afadhali kuku kuliko mlango uliofungwa.

Najua gazeti limewafikia. Binamu ameniambia kwamba baba mdogo amelikata na kulibandika ukutani sebuleni, na kwamba watu wanakuja kukupa hongera kwa kuzaa dume. Wewe unawakaribisha chai, na baba ananyanyuka kwenda kuangalia kitu uani. Hilo la baba kunyanyuka nitalirudia.

Kila wiki mnanisikia redioni nikiwa Chuma, ila sijawahi kukueleza Chuma anavyopikwa. Chuma hakohoi. Hapotei njia, haulizi bei, hapigwi sindano. Akikasirika anavunja glasi, na glasi hiyo anaivunja fundi mitambo wetu ndani ya ndoo, maana mkono wangu nauhitaji. Mwandishi wa mchezo wetu hutaka niitoe sauti tumboni, na nikiitoa asubuhi nzima, mchana hata kumeza mate ni kazi. Mwenzangu ni Ua. Kazi ya Ua ni kushtuka, kulia na kuzimia. Akikimbia lazima ajikwae. Kiuno chake kinasifiwa kila kipindi, na hii ni redio, Mama, hakuna anayekiona.

Anayeigiza Ua tunamwita Mama Pacha, kwa kuwa ana watoto pacha wanaosoma shule ya msingi, watundu kupita kiasi. Kati yetu ni yeye tu anayethubutu kumhoji mwandishi. Kuna siku alimuuliza Ua anafanya kazi gani. Mwandishi alifikiri sana, akajibu kwamba Ua anapendwa. Mama Pacha akauliza kama kazi hiyo ina likizo. Siku nyingine akataka kujua kwa nini mtu mwenye miguu miwili mizima aanguke mahali tambarare. Akajibiwa kuwa asipoanguka, Chuma atakosa la kufanya.

Mimi nami nilijaribu kidogo. Nilimwomba mwandishi amwache Chuma aogope mara moja tu, hata kama ni kuogopa panya. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema mwanamume akiogopa, wasikilizaji watahamia kwenye mpira. Nikacheka naye. Sikumwambia kwamba kila mlango mnene wa chumba cha kurekodia unapofungwa, jasho hunitoka mgongoni, na kwamba husoma maneno yangu mbiombio ili nitoke. Wewe unajua kuwa tangu nilipotumbukia kisimani sijapenda mahali pasipo na dirisha. Lakini hata wewe hujui ni kwa kiasi gani.

Siku ya moshi tulikuwa tunarekodi kipande ambacho Ua anazimia mikononi mwa Chuma. Fundi mitambo alikuwa ametoka kwenda kununua sigara. Tulikuwa wawili tu mle ndani, mimi na Mama Pacha, na kikombe chake cha chai. Nyaya za chumba cha chini ziliungua. Kwanza tulisikia harufu, tukadhani kuna mtu anapiga pasi. Kisha moshi ukaanza kuingia kupitia tundu la kiyoyozi. Niliukimbilia mlango, na nikiri hapa kwamba nilimsukuma mwenzangu ili nifike mbele. Nikavuta. Mkono wa kitasa ukang'oka, nikabaki nao.

Hapo Chuma aliondoka akaniacha peke yangu. Niliingia chini ya meza iliyo karibu na mlango, miguu yangu ikiziba njia. Ile sauti ya tumboni niliitafuta sikuiona. Iliyonitoka ilikuwa ya mtoto, na ilikuwa inakuita wewe. Mama Pacha alinifokea nisogee nimpishe, sikuweza. Basi aliniruka, akachukua kijiko chake cha chai, akachomeka mpini wake kwenye lile tundu la kitasa na kuuzungusha polepole, huku akiusemesha mlango kwa ukali. Pacha wake hujifungia msalani kila mara, kwa hiyo kitasa kisicho na mkono hakimtishi. Mlango ukafunguka. Nje kwenye ukumbi moshi ulikuwa mzito zaidi. Nilisimama, nikaenda hatua chache, nikaanguka. Mahali tambarare, Mama. Akaninyanyua akanitia mgongoni kama gunia, akashuka nami ngazi zote mpaka barabarani. Kiatu changu kimoja kilibaki huko, hadi leo hakijapatikana.

Nilipozinduka tulikuwa tumekaa ukingoni mwa barabara. Yeye alikuwa hoi kwa kukohoa, akaniegemezea kichwa begani, na hapo ndipo mpiga picha wa gazeti alipofika. Mwandishi wa habari alimuuliza fundi mitambo, aliyetuona tukitoka, kilichotokea. Fundi akajibu kwa kifupi: mmoja alizimia, mwenzake akambeba. Gazeti likaandika hivyohivyo. Hakuna neno la uongo pale. Lakini juu yake wakaweka kwa herufi kubwa CHUMA NI CHUMA KWELI, na chini yake picha ya mwanamke aliyeniangukia begani, basi kila mtu akajua huyo mmoja ni nani na mwenzake ni nani. Lugha yetu haikuwaambia mwanamume ni yupi kati ya hao wawili. Walijiambia wenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hapa hakuna aliyesema uongo, na nadhani ndiyo maana njia imekuwa ndefu hivi.

Bosi alikuja kunikumbatia siku ileile. Aliniuliza ilikuwaje. Nikajibu kwamba namshukuru Mungu, tumetoka. Nilijificha ndani ya ile “tu” ya tumetoka, Mama. Silabi moja, na ilinitosha mwili mzima. Fundi mitambo alijaribu kumweleza bosi alichokiona, akaambiwa amevuta moshi mwingi, akapumzike. Tangu hapo watu wakinisifu mimi hutazama chini, na wakizidi hutoka nje. Wanasema eti ni unyenyekevu.

Huenda ningeendelea hivyo mpaka wasahau. Lakini wale pacha walisema shuleni kwamba mama yao amemwokoa Chuma. Mwalimu wao aliwasimamisha mbele ya darasa waombe radhi kwa kusema uongo, kwa sababu mama yao ni Ua, na Ua hawezi kumbeba mtu. Mmoja aliomba radhi. Mwingine alikataa, akapigishwa magoti. Mama Pacha alinieleza haya tukiwa kwenye ngazi, bila hasira, na ningefurahi kama angenitukana. Alisema gazeti hana shida nalo. Anachotaka ni watoto wake waaminiwe.

Sasa inakuja Jumamosi. Redio imekodi ukumbi, na kipindi kitarushwa moja kwa moja mbele ya watu. Wamejenga kichumba cha mbao jukwaani chenye mlango wa kweli. Kitajazwa moshi wa mashine, nami nitoke nimembeba Ua aliyezimia, kisha nisimulie jinsi nilivyomwokoa. Mabango yamebandikwa mji mzima yakiwa na uso wangu na kifua cha mtu mwingine nisiyemfahamu. Bosi aliponionyesha kile kichumba, kitu cha kwanza nilichokagua ni kitasa. Naogopa kuingia mle, na naogopa zaidi kusimama nje yake na kufungua mdomo. Nikisema ukweli, Chuma amekufa, na mkate wangu huenda ukafa naye. Nisiposema, wale watoto watakaa kiti cha mbele wamtazame mama yao akizimia. Mama Pacha ameniambia jambo moja tu: niseme nisiseme, atasimama kando yangu, ila hatazimia.

Basi vuta kigoda ukae, Mama, maana jambo lililonifanya niandike ndilo hili.

Nilipokuwa mgongoni kwake, fahamu zikija na kupotea, nilikuwa nasikia bangili zake. Kila alipokanyaga ngazi ziligongana. Na mle gizani nilijua kwamba sauti ile nimeshawahi kuisikia, tena mahali penye giza kama lile. Nyumbani hadithi husimuliwa kwa namna moja. Baba husema: mtoto alitumbukia kisimani, kamba ikafungwa, mtoto akatolewa. Hapo wageni humgeukia na kumsifu ushujaa wake, naye hunyanyuka kwenda kuangalia kitu uani. Sote tumekua tukisema baba ni mtu mnyenyekevu. Mimi mkanibandika jina la Kisima, na nimeishi nikijua kuwa baba yangu haogopi kitu.

Lakini kilichonishukia kisimani kilikuwa kinalia kwenye mawe, ting, ting, kikinisogelea. Baba hajawahi kuvaa bangili. Nakumbuka pia juu kabisa, kwenye lile duara la mwanga, kulikuwa na kichwa cha mwanamume anayelia kwa sauti, ameishika kamba. Miaka yote nilidhani ni jirani. Na ile bangili yako iliyobonyea, ambayo ulituambia uliikalia bahati mbaya, nimeifikiria siku zote hizi. Mtu haikalii bangili aliyoivaa mkononi.

Baba alijificha ndani ya akatolewa, mimi nikajificha ndani ya tumetoka. Na wewe ukamimina chai.

Simlaumu, Mama. Nataka alijue hilo kabla ya lolote. Wiki hii yote nilidhani ni mimi mwanamume peke yangu duniani ninayeogopa, kwa sababu katika kila hadithi ninayoigiza hakuna mwingine. Kumbe alikuwepo mmoja, tukila naye meza moja. Nikikumbuka alivyokuwa mkali nilipolia kwa kuogopa giza, sasa naona kama alikuwa anajikaripia mwenyewe. Laiti angeniambia, tungeogopa wote wawili.

Jumamosi sitasema tumetoka. Nitasema Mama Pacha alinibeba mimi, kila mtu na nafasi yake, pasibaki pa kujifichia. Kwa mwoga huenda kicheko, basi na wacheke. Wala usidhani nimepata ujasiri mahali. Sijaupata. Ila najua redio itakuwa wazi hapo sebuleni, baba mdogo na majirani wamejaa, na sitaki baba anisikie nikianza kukiri, akadhani nitafika mpaka kisimani. Sitafika. Kisima ni chenu ninyi wawili, mtakisema au mtakiacha.

Nisalimie baba mdogo na umwambie asigombane na ukuta, gazeti linabanduka kwa maji ya moto. Wasalimie majirani wote. Mwambie dada nimepata salamu zake, na kile kitambaa chake nitampa binamu safari ijayo.

Kama nimekosea kuhusu kisima, ichane barua hii uitie motoni, umwambie baba zilikuwa salamu tu. Kama sijakosea, rudi sebuleni, kaa karibu naye, umsomee tangu mwanzo. Ukifika penye bangili usisome, tikisa mkono tu. Ataelewa. Halafu umshike, maana ataogopa.

Ni mimi mwanao, mwoga mwenzake,

Kisima