Sweta la Bibi huko Dar

Efrazia, niko jikoni kwa Bibi hapa Shume, sikia haya.

Nimemuaga kwamba Jumatatu nahamia Dar na mtoto, kazi nitaitafuta hukohuko. Nilijiandaa kugombezwa. Akasema, "Hata mimi nilifanya hivyohivyo."

BIBI! Huyu anayeogopa kuvuka barabara pale Lushoto mjini!

Eti mwaka sabini na sita alikwenda Dar bila kazi, mama yangu akiwa mchanga mgongoni. Ikaja ile operesheni ya kukamata wasio na kazi na kuwarudisha vijijini. Ikamkuta sokoni, yeye kavaa sweta zito, mtoto kavalishwa masweta mawili na kofia ya sufu. Dar, Efrazia. Mwezi wa pili!

Askari akamuuliza, "Kazi yako nini?"

"Nanyonyesha."

NANYONYESHA!

Wakaliangalia lile sweta, wakasema huyu ni wa milimani, wakampakia kwenye lori mpaka Lushoto. Na sisi miaka yote katuambia alirudi kwa sababu viazi vya Dar havina ladha!

Nimecheka mpaka mtoto akaamka.

Bibi hakucheka. Kaingia chumbani, katoka na sweta lenyewe, limetoboka viwiko, kaliweka juu ya begi langu.

"Nilishashindwa, nauli sina, na kumwandikia baba naona aibu. Niliposikia wanakamata watu, nikavaa sweta, mama yako nikamvalisha yake, nikaenda kusimama pale wanapopita."

Efrazia, nimefunga begi. Sweta limo.