Kibaraza cha Mama Hakijakanyagwa

Kihesa,
Iringa.
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Sosthenes,

Kamwene. Hujambo na baridi ya huko Kanada? Wifi Roza na Mathew wenu hawajambo? Sisi tunapumua. Mama goti linamsumbua tangu alipoteleza kwenye tope la uani masika yaliyopita, lakini anakula. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa ujumbe wa simu unausoma halafu unanyamaza.

Kile kibaraza cha mbao cha Mama kuotea jua kimekamilika. Wewe ulituma picha ya mfano tu, kaka. Mengine yote ni jasho langu.

Fundi Yohane alitaka kukipigilia kwenye ukuta wa nyumba, nikakataa. Ukuta wetu ni wa tofali mbichi. Kibaraza kikititia kingeondoka nao. Kimeachana na nyumba, kinasimama chenyewe. Kabla ya kuchimba nilikwenda manispaa, afisa akaja akapima, kibali kikatoka. Tulichimba mpaka udongo mgumu, tukamwaga zege, nguzo zikakaa juu ya zege zisiguse udongo, maana mchwa wa hapa unawajua. Mbao ni za paina zilizotiwa dawa, na tumeziachia nafasi maji yapite. Kiko chini, hakifiki magotini, lakini nimeweka ngazi pana na mahali pa kushikilia. Misumari niliipapasa yote kwa kiganja ili isimchome Mama.

Sasa sikia kinachoniuma. Mama hajakikanyaga. Unakumbuka utaratibu wa marehemu baba: aliyejenga hukanyaga kwanza, mzazi hufuata. Kwa kuwa picha ilitoka kwako, Mama anadhani na fedha zilitoka kwako; amewatangazia majirani kwamba Sosthenes kamjengea, kwa hiyo anakungoja wewe. Nilipomwambia ni mimi, alinitazama kama mwizi: "Devota, usimnyang'anye mwenzio baraka yake." Niliingia jikoni nikalia.

Ulisema utakuja Krismasi, ukasema Pasaka. Jogoo tuliyekuwekea tumchinje ukija amezeeka, sasa atahitaji shoka.

Wanasema mchimba kisima hakatazwi maji. Mimi nimekatazwa, na ndimi ninayemkanda goti kila siku. Asubuhi anatandika gunia chini kwenye umande, anaegemeza mgongo kwenye ngazi niliyomjengea, na goti linazidi kuvimba. Nina hasira nawe, kaka, sikufichi.

Sikuombi nauli wala zawadi. Mpigie simu Mama umwambie nani kajenga. Nikisema mimi ni wivu; ukisema wewe ataamini, nami nitakanyaga mbele yake, apande akae pakavu.

Shangazi Evarista wa Chimala anakusalimu, na mwanawe Ezekia pia. Mbusu Mathew kwa niaba ya bibi yake.

Mungu awape afya njema nyote, na wewe akupe dakika moja ya kusema kweli.

Mdogo wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Devota