Mwanamke wa Gauni la Njano

12 Februari

Mwanangu mpenzi,

Habari za huko? Kikohozi kimekwisha? Sisi tunajikongoja. Miguu yangu bado inavimba nikikaa sana kwenye cherehani.

Barua hii ni kuhusu baba yako na majarida yake. Unakumbuka alivyoyasaka kwenye maduka ya vitabu vikuukuu, na lazima jalada liwe la kuchorwa kwa mkono. La picha ya kamera hata la bure hakulitaka. Sasa amesahau karibu kila kitu, ila majarida anayajua moja moja. Hasa lile la mwanamke wa gauni la njano mwenye mwavuli. Tulipokuwa wachumba aliniambia nimefanana naye, nikavimba kichwa wiki nzima. Siku hizi anasema huyo ndiye mke wake. Mimi ananiita "dada". Ananishukuru kwa chai, kisha ananiuliza kama kwetu hawatagomba nikichelewa.

Nacheka, halafu naingia jikoni nalia.

Mama yako

2 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi nimepona, usiwe na wasiwasi. Barua yako niliisomea kazini, ikabidi nijifungie stoo. Nimeomba likizo tena na bosi amekataa tena. Nimekaa huku kama niliyefungwa mikono.

Nilitaka kukwambia ulifiche jarida hilo, lakini utamuua Baba. Mama, wewe ni fundi. Lishone gauni lile, na kola yake vilevile. Huenda akikuona nalo atakukumbuka. Sina jingine la kukwambia.

Msalimie Baba, hata kama hatajua ni nani anayemsalimu.

Binti yako

28 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Baba yako mwili hauna neno, anakula vizuri.

Gauni nimelishona. Mwenzangu wa jaladani ana kiuno cha nyigu, changu unakijua, ikabidi niongeze vipande ubavuni. Jana asubuhi nikalivaa, nikajipaka poda, nikasimama mlangoni kama bibi harusi. Baba yako akaniangalia, akaniita kwa jina. Jina langu, mwanangu! Akanishika mkono, akaniketisha.

Kisha akachukua jarida anionyeshe. Akalitazama, akanitazama, mkono wangu akauachia.

"Dada, mke wangu yuko wapi? Mbona umevaa gauni lake?"

Nikamwambia ndimi. Nikamwambia tena. Akaniomba kwa adabu kabisa nimrudishie, kwa sababu mkewe atatokaje nje bila nguo.

Nikalivua. Tangu jana analo mkononi, anafungua makabati, anachungulia uvunguni. Usijilaumu, nami nililipenda wazo lako. Nilifurahi mno wakati nashona.

Naishia hapa, ananiita. Anasema peke yake hamwoni, nimsaidie kumtafuta. Nakwenda kumsaidia.

Mama yako